Tunda la Mgeni Rasmi

Tangu alfajiri mtunza maua alikuwa akitoa chavua kwenye ua dume kwa kibanio, akiikusanya kwenye ncha ya kidole gumba. Ua jike lilikuwa limefunguka, la mwisho la jamii yake, na adhuhuri lingefumba lisifunguke tena. Kilichobaki ni kuligusa tu.

"Hakuna kugusa," alisema mkurugenzi wa bustani. "Mgeni rasmi ndiye atakayechavusha."

"Mgeni yuko wapi, baba?"

"Njiani."

Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe na watu wazima waliosinzia. Mshereheshaji alitambulisha meza kuu, kisha akatambulisha wasaidizi wa meza kuu. Mtunza maua alisimama kidole juu, jasho likimtiririka. Mlinzi wa getini alimwona, akaja kumkinga jua kwa kofia yake. Hakuna aliyemtuma.

Adhuhuri ua lilifumba. Mgeni rasmi aliwasili chakula kikiwa kimeshaliwa, akalipapasa ua lililofumba kwa brashi yenye utepe, makofi yakapigwa, akarudia kwa ajili ya wapiga picha.

Wiki hiyohiyo tunda lilichomoza kwenye kidole gumba cha mtunza maua. Lilikuwa la kijani, na ukilitikisa unasikia mbegu. Alishusha pumzi, maana alichokuwa akiogopa ni jamii ya mmea ule kutoweka mikononi mwake. Asubuhi mumewe alimfunga vifungo vya gauni.

"Usiku usilalie mkono huo, mke wangu," alimwambia. "Utaliponda."

Mkurugenzi alivaa miwani, akaligeuzageuza.

"Nilijua tu," alisema. "Mgeni rasmi ana mkono wa heri."

Wakamfunga mtunza maua kibao cha bati kwenye kifundo cha mkono, chenye jina la mgeni rasmi, wakamsimamisha kwenye tuta, katikati ya maua mengine, wajumbe wa bodi wapite wamwone.

"Naomba hata kigoda, baba. Miguu inawaka moto."

"Mama, umewahi kuona mmea umekalia kigoda?"

Wajumbe walicheka, kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake.

Jioni mlinzi alimletea kikombe cha maji, akamshikia anywe. Mkurugenzi, akielekea kwenye gari lake, aliwaona, akamkemea mlinzi: ampe kidogokidogo, yakizidi mizizi itaoza.