Shitaka la Mzee Nduwayezu

Siku Esteri alipoingia ua wa kwao Kitanga na sare ya polisi kwa mara ya kwanza, baba yake hakumtazama usoni. Aliona sare tu. Mzee Nduwayezu alikimbilia ndani, akatoka na cheti chake cha uraia wa Tanzania, akakinyoosha kwa mikono miwili. Msimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliikimbia Burundi angali kijana.

Esteri akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu kama mama yake alivyomfundisha. Hapo ndipo mzee alipomtambua, akaona haya.

Wakati wa kumenya mihogo, Esteri akaeleza kilichomleta. Kesho yake palikuwa na mkutano wa polisi jamii, naye ndiye msemaji. Baba mzazi akijificha, nani mwingine atamwamini? Mzee akakataa katakata kwenda. Kwake askari alikuwa mtu wa kukimbiwa. Jina lenyewe lilitosha kumnyamazisha mtoto anayelia.

Esteri hakubisha. Alisema alijifunza chuoni kwamba askari ni neno la Kiarabu, la mambo ya jeshi, na huku bara lilifika na misafara ya Ujiji, bunduki begani. Wazee hawakuwa wajinga kuliogopa.

"Lakini polisi lina ukoo mwingine, baba. Tumelipata kwa Waingereza, ila shina lake ni la Wagiriki wa kale, nalo ni mji. Watu waliokubaliana kuishi pamoja."

Mzee akauliza kama mji huo ulikuwa na wageni. Esteri akajibu kwamba hakuna mji usio nao. Mzee akaendelea kumenya.

Kesho yake watu walijaa uwanjani, lakini Esteri alipouliza nani ana shida, kila mtu alitazama chini. Alianza kukata tamaa. Mara baba yake akasimama kule nyuma, kofia mkononi.

"Afande, nimekuja kushitaki. Mbuzi wangu wawili waliibwa msimu wa maharage, nami nikanyamaza."

Fahari ilimjaa Esteri. Lakini kazi ni kazi.

"Jina lako, mzee?"

"Nduwayezu," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mkazi wa Kitanga. Baba yake afande."