Nguzo Nyeusi za Gari la Mwalimu

Kwa miezi minane nilikuwa naosha magari. Kuosha magari si kazi mbaya, ila mimi ni fundi wa polishi. Niliacha shule darasa la sita nikashika mashine, na hesabu ninayoijua vizuri ni ya kasi ya sponji juu ya rangi.

Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu. Nilikuwa napiga polishi boneti ya gari la kijani huku nabishana na jirani juu ya mpira. Mashine kubwa ikapita ukingoni, mahali ambapo rangi huwa nyembamba. Kila fundi analijua hilo, hata mimi nalijua. Nilipotazama tena, bati lilikuwa limeshachungulia. Mama mwenye gereji, ambaye sote tunamwita Bosi, aliliangalia lile doa. Alizifungia mashine zote kabatini, akampa shemeji yangu ufunguo, kisha akanionyesha ndoo.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemleta gereji, nikamfundisha hata namna ya kushika kitambaa. Sasa yeye alikuwa fundi na mimi natembea na mpira wa maji. Na mdomo anao.

"Shemeji, maji si baridi hayo?" alikuwa akisema watu wakiwa wamejaa. "Sema nikubandikie birika."

"Bandika," nilikuwa namjibu, "yatakayobaki nitamwogeshea dada yako."

Tulicheka, lakini moyoni nilikuwa nasaga meno. Nilitaka mashine yangu.

Asubuhi moja aliingia mwalimu mstaafu na gari jeupe, safi, limetunzwa. Alilisimamisha juani, akashuka, akatuonyesha nguzo za milango, zile plastiki nyeusi zinazong'aa kati ya dirisha na dirisha. Ukiwa kivulini unaona kioo. Jua likizipiga, unaona utando wa buibui: mikwaruzo myembamba kama nywele, maelfu, imezunguka kila upande.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza.

"Mume wangu. Kila asubuhi anafuta vumbi kwa shati lake kuukuu."

"Kavukavu?"

"Kavu. Anasema maji yanaleta kutu."

"Plastiki haipati kutu, mwalimu."

"Mwambie wewe. Mimi nimemfundisha miaka thelathini na nne, hajafaulu."

Shemeji alikuwa ameshafungua kabati na kutoa ile mashine kubwa, na sponji ngumu ya njano. Hapo mdomo wangu ukatangulia.

"Hiyo si ya mashine kubwa. Hiyo plastiki ni laini, utaiunguza."

"Anayejua kuunguza ni wewe," akasema Shemeji. Wapiga rangi kule nyuma wakacheka, na mimi ningekuwa wao ningecheka.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama juu ya miwani, akamtazama na Shemeji. "Gari lina pande mbili," akasema, akimwonyesha Shemeji kwanza. "Huyu afanye kulia, na huyu kushoto. Nitasahihisha mwenyewe."

Bosi alikunja uso. "Huyu simpi mashine, mwalimu."

"Gari ni langu."

Bosi akanigeukia. "Haya. Ukiharibu, hata ndoo uisahau. Uondoke kabisa."

"Na nikifaulu?"

Alifikiri kidogo. "Ufunguo wa kabati utakuwa wako."

Basi nilichukua mashine ndogo, ile ambayo sponji yake haizidi kisahani cha kikombe. Ilikuwa na vumbi, hakuna aliyeigusa miezi yote ile. Lakini sikuiwasha. Kwanza nikaosha nguzo kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu ukipiga polishi juu ya vumbi unaongeza kazi ya yule mume. Nikakausha kwa kukandamiza kitambaa, bila kusugua. Halafu nikabandika tepu ya karatasi kwenye mpira wa dirisha na kwenye kingo zote. Tepu ya kingo niliibandika mara mbili. Mtu akishaumwa na nyoka, nanyi mnajua.

Upande wa pili mashine kubwa ilikuwa inanguruma. Kabla sijamaliza kubandika tepu, Shemeji alikuwa ameshamaliza nguzo moja.

"Shemeji, unalifunga bandeji?" akaita. "Gari haliumwi."

Nilichagua kipande cha ukubwa wa kiganja, chini kabisa, nikajaribu sponji laini na polishi laini kuliko zote. Ndivyo inavyotakiwa: unaanza na dawa dhaifu, ikishindwa ndiyo unapanda. Nikapita taratibu mara nne, nikafuta, nikamulika tochi. Nusu ya mikwaruzo ilikuwa bado ipo. Nikapanda ngazi moja tu: sponji ya wastani, polishi ileile. Nikamulika tena. Utando ulikuwa umekwisha, nyeusi tupu, ila kulibaki ukungu mwepesi, kama pumzi kwenye kioo. Huo nilijua dawa yake. Ni kurudia na sponji laini, kasi ndogo, mkono mwepesi.

Hapo nikajua njia ninayo. Nikafanya nguzo zote mbili hivyo: matone matatu ya polishi, kila tone kama punje ya choroko, kwenda juu na kushuka, kisha kulia na kushoto. Kila baada ya mapito machache nilizima mashine nikagusa plastiki kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu, naisubiri ipoe. Sponji ikijaa, naisafisha kwa brashi.

Shemeji alimaliza upande wake kwa nusu saa, akakaa juu ya tairi akinywa soda. Mimi nilitumia saa mbili na nusu. Nilipobandua tepu ya mwisho, mgongo ulikuwa haunyooki.

Mwalimu alisogeza gari juani. Akazunguka, akainama, akavua miwani, akavaa. Kulia kunang'aa, kushoto kunang'aa. Bosi naye akatazama.

"Naona zinalingana," Bosi akasema. "Ila huyu ametumia nusu saa."

Shemeji akatabasamu. Nikaenda rafuni nikaleta chupa ya spiriti niliyochanganya na maji.

"Polishi ina mafuta," nikasema. "Mafuta yanajaa kwenye mkwaruzo, unadhani umeisha. Tufute yatoke, ndipo usahihishe."

"Utaharibu kazi yangu," Shemeji akaruka.

"Spiriti hailimi mkwaruzo. Kama haupo, hautakuja." Nikapulizia upande wangu kwanza, nguzo zote mbili, nikafuta kwa kitambaa laini, nikasimama kando. Mwalimu akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa plastiki. Mle ndani alijiona yeye, na mawingu nyuma yake. Hakuna hata uzi.

Akaninyang'anya chupa. Akaenda kulia akapulizia mwenyewe, akafuta mwenyewe.

Mikwaruzo ikatoka mmoja mmoja, kama wadai waliosikia kwamba mwenye nyumba yupo. Ya mume ilikuwepo yote. Juu yake kulikuwa na mipya, miduara mikubwa ya ile sponji ngumu, na ukungu mweupe karibu na kishikio, ambapo plastiki ilipata joto. Wapiga rangi walikuwa wamekuja mbele, mabomba ya kupulizia rangi yananing'inia mikononi.

"Huyu kajipaka poda," mwalimu akasema, akionyesha kulia. Kisha akanyoosha kidole kushoto. "Huyu kanawa uso."

Mmoja wa wapiga rangi alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Bosi hakupiga. Alimnyooshea Shemeji kiganja, Shemeji akavua ufunguo shingoni, Bosi akaupokea, akaja akaniwekea mkononi. "Rudia na kulia," akasema. "Umalize leo."

Shemeji alisimama pale akiangalia viatu vyake. Ningeweza kumwambia mengi, nilikuwa na ya miezi minane.

"Shika taa," nikamwambia. "Kwa pembeni, usimulike usoni. Mkwaruzo unaonekana kwa pembeni."

Akashika. Tulifanya nguzo ya kwanza. Kwenye ya pili akauliza, "Ule ukungu utatoka?"

"Utatoka. Gusa hapa. Unasikia joto?"

"Nasikia."

"Basi tunasubiri."

Bosi akatokea mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na gari lingine, jeusi lote, na mwenyewe ameegemea boneti. "Huyu kaona la mwalimu, anataka hivyohivyo," akasema. "Fanya haraka hapo."

"Sifanyi haraka, Bosi," nikasema. "Mwambie asubiri."

Alinitazama kidogo, kisha akageuka akaenda kumwambia.