Mguu wa Aminieli

Si bure, Aminieli alijiambia. Mguu wa mtu haufi hivihivi bila mkono wa mtu.

Ulianza kwa ganzi ya vidole, ganzi ikapanda hadi kwenye kifundo, na sasa unyayo wote ulikuwa kama wa jirani. Daktari alimweleza bila kumficha: saratani ya tumboni imebana mishipa ya damu, damu haifiki chini, na mishipa ya fahamu inakufa kwa njaa, kama migomba isiyofikiwa na maji ya mfereji.

"Mzee, huo mguu usiuamini," alisema. "Uangalie kila siku, na uuweke mbali na moto. Ukipata kidonda tu, tutaukata."

Aminieli aliitikia kwa adabu, lakini hakumeza hata neno. Saratani iko tumboni, ya mguu yametoka wapi? Mbaya wake alimjua: Brayson, mdogo wake wa tumbo moja. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda mlimani na magari yao kufuata kahawa, Brayson aliitazama mibuni ya kaka yake kwa jicho la tamaa. Na siku moja baada ya mvua, Aminieli alimkuta ameinama njiani, kwenye alama za nyayo zake mbichi.

"Nimeangusha ufunguo, kaka."

Ufunguo! Nani asiyejua kwamba anayetaka kuua mguu wa mtu huchota udongo aliokanyaga?

Kikulacho ki nguoni mwako. Akakataa kumwonyesha mtu yeyote mguu ule, hata mkewe Susana, maana Susana naye alizidi kumtetea huyo shemeji yake. Akawa anashinda na soksi.

Alasiri moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi mlangoni, alikaa jikoni peke yake akiota moto. Harufu ya nyama ya kuchoma ikamjia. Alipandwa na hasira. Kumbe Brayson amechinja huko ng'ambo ya uzio, na yeye, kaka mkubwa, hakuletewa fungu lake! Kwao hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ni kumzika mtu angali hai.

"Brayson!" alifoka. "Unakula nyama kwa siri, unadhani nimeshakufa?"

Brayson alikuja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, Susana nyuma yake.

"Nyama gani tena, kaka? Mimi nilikuwa napalilia..."

Hakumaliza. Susana alipiga yowe. "Baba Brenda, mguu wako!"

Aminieli akatazama chini. Soksi ilikuwa imeteketea, na kisigino kimelala juu ya makaa.

Brayson alitupa jembe, akauvuta mguu ule kutoka motoni, akambeba kaka yake mgongoni na kushuka naye mbio kuelekea hospitali, huku analia kama mtoto.

"Unakuuma sana, kaka?"

Aminieli alitamani kusema ndiyo. Angempa shamba lote, mibuni na migomba, ili tu aweze kusema ndiyo.

"Hauumi," alisema, na machozi yake yakadondokea shingo ya mdogo wake.