Redio Inayoshika Mahali

Kwenye kioo cha redio ya kwanza, gari la Sila lilikuwa baharini. Mshale mwekundu ulielea katikati ya buluu tupu, sauti ya mwanamke ikitoa maelekezo ya Kijapani kwa adabu kubwa, na nje ya dirisha ulikuwa mtaa wa Makole ule ule wa siku zote: vumbi, mbuzi wawili juu ya rundo la matofali, na jua la mwezi wa kumi ambalo halikuwa na haya wala huruma.

"Anasema nini huyo mama?" aliuliza Zipora, mama yake Sila. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkongojo kati ya magoti, miguu yake iliyovimba ameinyoosha hadi mwisho wa nafasi.

"Nadhani anatuambia tugeuze, bibi," alijibu Rahimu, fundi wa redio za magari, aliyekuwa amejikunja mlangoni na bisibisi mkononi. "Ramani yake ni ya kwao tu. Akifika huku kwetu anadhani amezama."

"Amepotea yeye, halafu ndiye atuonyeshe njia! Makubwa haya."

Rahimu akaangua kicheko. Sila hakucheka. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni kwake tena, na alijua ni rafiki yake Damas, na alijua Damas angeuliza nini. Aliiacha itetemeke mpaka ikachoka.

"Nyingine iko wapi?" aliuliza.

Redio ya pili ilitoka Dubai, nyeusi, haina madoido. Rahimu aliiunganisha kwa nyaya za muda akaiwasha. Kioo kikawa cheupe, na mshale ukasimama katikati peke yake. "Hii nisikudanganye, kaka, ramani ya Tanzania haina. Lakini fika mahali, bonyeza kitufe hiki, inapashika na kukupa nambari zake. Urudi baada ya miaka ishirini, hata pawe pameota msitu, itakupeleka palepale. Ila sauti yake ni ya kawaida. Kama unataka muziki, yule mama wa Kijapani anaimba vizuri zaidi."

"Hii hii," alisema Sila, upesi mno.

Rahimu alimtazama. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa mjini tangu enzi za misafara, na mtu wa namna hiyo hujua mteja anayechagua kwa kupenda na mteja anayechagua kwa kubanwa. Akatoa redio ya Kijapani na kuanza kufunga ile ya Dubai.

"Na ikishashika, haisahau?" aliuliza Zipora.

"Haisahau, bibi."

"Kwa hiyo hata mimi nikisahau, au nikifa, yeye anajua."

"Ndiyo maana yake, mama," alisema Sila. Alisema huku akitazama mbuzi.

Sasa tusimwonee Sila. Alikuwa mtu mwema kwa kipimo cha watu wema wa siku zile. Shirika la umma alilolitumikia tangu ujana lilipouzwa, yeye na wenzake walipunguzwa asubuhi moja kabla ya chai. Wakubwa walihubiri soko huria, kila mtu ajitafutie. Sila akafungua duka la pembejeo, likafa. Akafuga kuku, wakafa. Akabaki na Korola ya mtumba na heshima ya zamani, na heshima ya zamani haichemshi sufuria. Mkewe alikuwa ameacha kumuuliza amepanga nini. Hilo lilimuuma kuliko kuulizwa.

Ndipo Damas, waliyepunguzwa naye siku moja, akaja na habari. Ng'ambo ya Ihumwa, kijiji kilikuwa kinagawa mahame, yale makazi ya kale ambayo watu waliondolewa mwaka wa operesheni, walipopakiwa kwenye malori kwenda vijiji vya pamoja. Atakayeonyesha kaya ya baba yake ilikuwa wapi, atapewa ardhi ile iwe yake. Isiyo na wa kuionyesha ingebaki malisho ya kijiji. Na Damas alikuwa na tajiri aliyetaka kupanda zabibu.

"Mwisho ni Jumamosi," Damas alikuwa amemwambia, wakiwa sebuleni kwa Sila, mtaa wa Area D. "Nipe nukta ya kaya ya mzee, mpimaji atamaliza yaliyobaki. Tajiri analeta trekta Jumatatu, wewe unaingia kama mbia. Mbia, Sila! Utatoka kwenye hili shimo."

"Baba amezikwa pale. Katikati ya zizi."

"Miaka zaidi ya thelathini, ndugu yangu. Amekwisha kuwa udongo. Na udongo ndio zabibu zinautaka."

Sila alipaswa kumtoa nje kwa maneno yale. Hakumtoa. Alimwongezea chai.

Tatizo lilikuwa kwamba mahali pale alipajua Zipora peke yake. Sila alipopakiwa kwenye lori alikuwa na miaka tisa, na nyumba za tembe zote machoni pa mtoto ni tembe moja. Mama yake alikuwa akienda kila mwaka kabla ya mvua, kwa miguu, kupalilia kaburi, wala hakumchukua mtu. Miaka miwili hii miguu ilikuwa imemgomea. Kwa hiyo Sila alimwambia: mama, nionyeshe, nipashike kwa chombo, ili nije kupalilia mimi utakapokuwa hupo. Na ubaya wa uongo ule ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Zipora alikuwa amemsikiliza, akakubali. Alikubali kirahisi, na Sila hakulala vizuri usiku ule.

Ijumaa asubuhi waliondoka. Walipofika Ihumwa simu ikaita, na safari hii Sila akapokea.

"Mko njiani?" Damas alikuwa akihema. "Nambari nizipate leo, Sila. Leo. Mpimaji nimemweka kwenye gari hapa."

"Nimesikia."

"Bibi anajua?"

"Nimesikia, Damas." Akakata.

"Anakupenda sana huyo rafiki yako," alisema Zipora. "Mke wako mwenyewe hakupigii hivyo."

Waliacha lami wakavuka reli. Mtandao wa simu ukapotea, njia ikawa alama mbili za magurudumu kati ya migunga iliyokauka. Zipora alisimulia njia nzima: nani alikimbiwa na mke mwaka wa njaa, nani alimficha beberu wake wa mbuzi ndani ya ghala siku ya kodi, mpaka Sila akacheka asijue anacheka. Mshale ulikuwa umesimama pale pale kwenye kioo cheupe, dunia tupu ikipita chini yake.

Kisha mama yake akanyamaza katikati ya neno.

Sila aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Zipora alikuwa ameinama. Kwa taabu, kwa vidole vya miguu vilivyovimba, alikuwa akivua ndala zake, moja, halafu ya pili, kama alivyovua siku zote mbele ya makaburi. Akaweka nyayo zake wazi juu ya bati la gari, akakunja mikono mapajani na kuinamisha uso. Mbele yao, mkono wa kulia, minyaa ya uzio wa zamani ilikuwa imeota hovyo ikafanya kichaka, na kando ya kichaka ulilala mwamba mpana wenye mashimo matatu laini ya kusagia mtama.

Sila aliujua mwamba ule. Aliwahi kulala ndani ya shimo la katikati, mgongo wake ukienea wote, akimsubiri mama yake amalize kusaga. Alipunguza mwendo.

"Bado," alisema Zipora, uso chini. "Twende."

Walikwenda. Walikwenda mpaka miti ikaisha na kukawa na mbuga ya magadi, nyeupe, isiyoota hata jani la kuku kudonoa. Zipora alikuwa amekwisha vaa ndala zake. Akainua kidevu kuelekea rundo la mawe.

"Hapo."

Alionyesha kwa kidevu kwa sababu kwao kaburi halinyooshewi kidole. Mtoto akisahau akanyoosha, huambiwa akiume kidole kile papo hapo, kabla ubaya haujamwingia. Sila alikumbuka alivyojiuma vidole kwa meno yake mwenyewe, mama yake amesimama juu yake, kila mara walipopita makaburi ya ukoo. Na sasa mama huyo huyo alikuwa amekaa mbele ya rundo la mawe lisilo na mtu, amekaza uso, anamdanganya mwanawe wa pekee.

"Hapa, mama? Una hakika?"

"Nimemzika mimi, utaniuliza hakika? Bonyeza chombo chako."

Sila akabonyeza. Redio ikalia mara moja, nambari zikajipanga kwenye kioo. Kwanza alisikia hasira, hasira kabisa, ya mtu aliyefanywa mtoto. Halafu woga: mama anajua nini? Halafu likaja wazo, nalo lilikuja polepole na kwa sauti ya Damas. Njia ya kurudi ni ile ile. Kitufe ni kile kile. Nani atajua?

Aligeuza gari.

Zipora aliegemeza kichwa kwenye kioo na kufumba macho. Pumzi zake zikawa nzito. Sila aliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya goti, karibu na redio. Alimfikiria mkewe akimuuliza tena amepanga nini. Alijifikiria yeye, mbia, akiingia baraza la kijiji na viatu vilivyopigwa rangi. Alimfikiria baba yake, akagundua kwamba hakumbuki uso, anakumbuka harufu ya ugoro tu na mkono mzito juu ya utosi. Mtu ambaye humkumbuki uso, unamuuzaje? Na kama huwezi kumuuza, watoto watakula nini? Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na hakuna lililolijibu jingine.

Mwamba ukatokea. Safari hii kichaka cha minyaa kilikuwa kimemwelekea usoni, maana njia ilipinda kabla ya kufika hapo. Sila alisimamisha gari. Ndani ya uzio uliokufa aliona duara la ardhi iliyofagiliwa na upepo, na katikati yake mawe, machache, yaliyopangwa na mtu. Majani yalikuwa yameota kati ya mawe, ya miaka miwili.

Mama yake hakutikisika. Sila akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Redio ilikuwa kifuani mwa gari, na juu yake kioo cha mbele cha gari, na nyuma ya kioo hicho zizi la baba yake. Kidole kilikuwa kimenyooka moja kwa moja kuelekea mawe yale. Alikiona. Hakuwa amekusudia kukiona, lakini alikiona, kimesimama hewani na ukucha wake mchafu, kikimwonyesha baba yake kama vile mnadani watu wanavyomwonyesha ng'ombe. Mwili wake haukumngoja afikiri. Alikirudisha kidole mdomoni akakiuma kwa nguvu, mzee mzima mwenye watoto wanne, mpaka machozi yakamtoka.

"Kimeuma?" aliuliza Zipora. Macho yake yalikuwa wazi, wala hayakuonekana yametoka usingizini.

"Kimeuma, mama."

Injini iliunguruma bure. Sila akaizima, na redio akaizima.

"Rafiki yako Damas ana sauti ya mnadi," alisema Zipora. "Na hizo nyumba zenu za Area D, ukuta wake mtu akikohoa sebuleni, chumbani unamwambia pole."

"Ulisikia yote?"

"Nilisikia trekta. Nilisikia udongo. Nilisikia na chai ikimiminwa."

Sila aliinamia usukani. Alitaka kusema kuhusu duka, kuhusu kuku, kuhusu mkewe anayemtazama bila kuuliza. Alisema tu, "Nisamehe, mama."

"Mimi nilikuwa na hasira nawe mpaka jana. Leo asubuhi nikakuona unavyokaza shingo kwenye usukani, nikasema, huyu mtoto amebanwa. Lakini kubanwa, Sila, hata sisi tulibanwa. Tulipandishwa lori na bunduki zipo." Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Huyo Damas utampa nini?"

"Nambari nilizobonyeza kule magadini."

"Atakutukana."

"Atanitukana."

"Na nyumbani mtakula nini?"

"Sijui, mama."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilompa mama yake kwa majuma mengi, na Zipora alilipokea kwa kuitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Akatazama kichaka, bila kukiinulia hata kidevu.

"Mimi sina misimu mingi. Na wanao wakikuuliza babu yao yuko wapi? Chombo chako hakijui."

"Nitawaleta kwa miguu."

Mama yake akamgeukia, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye tumbo lililozoea kiti cha gari, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu kidogo.

"Kutoka relini mpaka hapa? Wewe? Utafia njiani wakuzike wewe kwanza." Akavua ndala zake, akazisukuma chini ya kiti na kushika mkongojo. "Haya, nifungulie mlango. Yale majani hayajing'oi."