Kiuno cha Bibi Sindano

Hakuna mtoto aliyewahi kumshinda Bibi Sindano, fundi cherehani. Aliyasema hayo akiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, akibisha hodi, maana mjukuu wake, Kiberiti, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa amemfungia mlango kwa hasira.

Kisa? Kakatazwa kwenda mtoni. Vijana wa mtaa walikuwa wakipanda daraja bovu na kujirusha majini, wenzao wakipiga makofi. Mmoja alishavunjika bega. Kiberiti alikuwa bado hajaruka, na walishaanza kumwita kifaranga.

Muuguzi wa zahanati, aliyekuja kupimwa sare, alimkuta Bibi hapo kizingitini.

"Juzi tu alikuwa ananitungia uzi bila kuombwa," Bibi alilalamika. "Sasa ananuna, analia, anacheka, yote kabla chai haijapoa. Nani kanibadilishia mtoto?"

"Hajabadilishwa, Bibi. Ubongo wake bado unajengwa. Sehemu ya kupenda raha na sifa za wenzake ishawaka moto. Ile ya mbele, hapa nyuma ya paji, inayosema 'ngoja kwanza', ndiyo inayokomaa mwisho. Hata akipita miaka ishirini, kazi bado inaendelea."

"Yaani gari limeingia barabarani halina breki?"

"Zipo, ila hazijakaza."

"Hakuna kidonge?"

"Hakuna. Kaa naye karibu, uzungumze naye."

"Hata nusu kidonge?"

Muuguzi alicheka. Bibi hakucheka.

Mlango ulipofunguliwa, alizungumza na mjukuu mpaka mate yakamkauka. Jumamosi, alipomwona Kiberiti anavaa viatu aende mtoni, maneno yakamwishia kabisa. Akajibwaga mkekani.

"Mke mwenzangu, nakufa! Kiuno kimekatika!"

Kiberiti akavitupa viatu. Akamwekea mto, akamkanda kwa kitambaa cha moto, kisha akashika pasi amalizie gauni la hariri la mteja. Nje wenzake wakapiga mluzi.

"Siji! Bibi yangu anaumwa!" alijibu.

Bibi akafumba macho, akifurahi na kuona aibu kwa pamoja. Leo kampata. Na kesho? Kiuno kikatike tena? Kiwe kinakatika mpaka huyu mtoto afike ishirini na ngapi?

Mluzi ukarudi. Kiberiti akakimbilia dirishani, pasi akaiacha palepale juu ya hariri. Harufu ya kuungua ikapanda.

Bibi hakuwaza. Alichumpa kutoka mkekani, akaruka kigoda, akainyakua pasi kabla gauni halijatoboka.

Alipogeuka, Kiberiti alikuwa anamtazama kuanzia kisigino hadi kilemba.

"Bibi. Na kiuno?"

Bibi, pasi mkononi, akaanza kuinama polepole, uso kaukunja.

"Aaa... ndiyo hicho, mjukuu wangu, kinarudi... uuui, kinarudi!"

"Hilo ulilolishika ni goti, Bibi," alisema Kiberiti, mguu mmoja ukiwa tayari kiatuni, mwingine ukikitafuta kiatu cha pili.