Filimbi ya Bendera

Miguu ya Wepukhulu haikuingia tena kwenye viatu, kwa hiyo alikuja mjini amevaa patipati za mpira, vidole vimefungwa vitambaa. Alisimama topeni nje ya ofisi za serikali, Eldoret, pamoja na Kabiru, mpeleka samansi za kuitwa mahakamani.

"Mzee, wewe nionyeshe mtu mwenyewe tu," Kabiru alinong'ona. "Nikimpatia kwa mkono, kesi inaanza. Kesho anahamia Nairobi, na huko hatutampata."

"Atatoka aende kwa ile gari nyeupe, ile Pijo."

Mtu huyo, mkuu wa upelelezi, hakuwahi kumgusa Wepukhulu hata kwa kidole. Wengine ndio waliomwaga maji selini mpaka yakamfika magotini, wakamwacha asimame humo wiki nzima, eti kwa sababu ya karatasi ya uchochezi iliyookotwa posta alikofanya kazi. Mkuu alifika mlangoni mara moja, suti yake kavu, akasema kwa upole, "Mhojini vizuri." Wakaongeza maji. Sasa Wepukhulu alitaka jambo moja tu kabla hajafa: mtu huyo asimame mbele ya hakimu, aulizwe kwa nini alitoa amri ile.

Mkuu akatokea.

"Ndiye huyo!" alisema Wepukhulu. Kabiru akachomoa samansi, akaanza kwenda.

Filimbi ikalia. Saa kumi na mbili jioni, bendera inashushwa, na hakuna ruhusa ya kusogea mpaka filimbi ya pili. Kila mtu akasimama pale pale alipokuwa: mama mwenye karai la viazi, dereva wa lori la mahindi, Kabiru na samansi yake. Mkuu naye alisimama wima hatua chache tu kutoka kwa Kabiru, macho kwenye bendera. Nani angethubutu kusogea?

Bendera ilishuka taratibu mno. Nyayo za Wepukhulu zikaanza kuwaka moto. Alijikaza, akauma meno, akamwomba Mungu. Wapi! Magoti yalilegea, akaanguka kifudifudi kwenye tope.

Filimbi ya pili ilipolia tu, askari wawili wakamkamata.

"Wewe mzee! Unadharau bendera ya nchi?"

"Ni miguu, afande. Ni miguu tu. Muulizeni yeye, anajua!"

Mkuu alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akaingia garini, akateremsha kioo.

"Mpelekeni ndani," alisema kwa upole. "Mhojini vizuri."

Mama akaendelea na viazi vyake. Lori likaguruma, likaondoka. Kabiru peke yake alibaki amesimama wima, mikono ubavuni, samansi imesharudi mfukoni, mpaka Pijo ikapotea kwenye barabara ya Nakuru.