Profesa Zizini kwa Hallvarður

Mwizi mnayemsikia ndiye mimi. Naitwa Oddný, mwenye Sæbjörg, mashua ya mwisho ya uduvi katika ghuba hii ya kaskazini mwa Aisilandi. Kama hamna haraka nitawaeleza niliiba nini na kwa nani, na kwa nini nikipata nafasi naiba tena.

Mwaka ule, theluji ilipoanza kuyeyuka, mimi na mume wangu Eyvindur tulikuwa tumebanwa pabaya. Ghuba ilikuwa imefungwa. Hakuna kuvua uduvi mpaka wakubwa wa taasisi ya bahari huko kusini wahakikishe kwamba maji ya chini ni baridi ya kutosha. Yakizidi nyuzi saba, uduvi wanaachwa wapumzike na sisi tunaachwa tufe njaa. Halafu kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, kila wiki anapiga simu kuiulizia Sæbjörg. Anataka kuipaka rangi nyeupe, apakie watalii wakatazame nyangumi. Eyvindur alishaanza kulegea. Tusipovua mwaka huu, alisema, tunaiuza. Mashua nyekundu aliyoiunda baba yangu kwa mikono yake, ikabebe watu wa kutapika! Usingizi ulinipaa.

Zamani walikuja watu na meli kupima maji. Siku hizi wanatuma chombo kinachojiendesha chenyewe, cha manjano, kirefu kama mtu aliyelala, chenye mabawa mafupi na mkia wenye antena. Kinazama, kinapima joto na chumvi, kinaibuka, kinapeleka habari kwa setilaiti, kisha kinazama tena. Sisi tulikibatiza jina Profesa, kwa sababu kinakwenda polepole, hakisalimii mtu, na kila kinachokisema kinaaminiwa.

Basi dhoruba ya Aprili ikamtupa Profesa pwani. Ingemtupa popote ningeshukuru. Lakini ilimtupa kwenye kile kipande cha ufuko kati ya shamba la Hallvarður na shamba la Steinvör, ambacho hao majirani wawili wanakigombea tangu mimi nina meno ya utoto. Huku kwetu kinacholetwa na bahari ni cha mwenye ufuko. Gogo likitua kwako unalichonga alama ya shamba lako kwa kisu, na tangu hapo atakayeligusa ni mwizi, tena anayenuka kuliko mwizi wa kondoo. Kwa hiyo atakayempata Profesa ndiye mwenye ufuko, na atakayemkosa hana chake.

Hallvarður alimwona kwanza. Ubavuni palikuwa na namba ya simu ya taasisi, kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa akazisoma. Mzee mzima akachomoa kisu, akachonga alama yake juu ya namba hiyo, akaenda kuleta trekta. Kurudi, anakuta Steinvör keshachonga ya kwake kwenye bawa na keshamvuta Profesa ng'ambo ya jiwe la mpaka. Wakaanza mchezo. Huyu akiingia ndani kunywa kahawa, yule anakuja na kamba. Mwishowe Hallvarður akamburura mpaka kwenye zizi lake, kondoo majike wakiwa katikati ya kuzaa, akamlaza kwenye nyasi kavu na kuegemeza mlango. Ila zizi limejaa na Profesa ni mrefu. Mkia ukabaki nje.

Na antena iko mkiani. Profesa hachagui pa kufanyia kazi, popote alipo anapima. Akawa analipima zizi.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba maji ya ghuba yetu yamefika nyuzi kumi na mbili, na ghuba itabaki imefungwa. Nyuzi kumi na mbili, na vipande vya barafu bado vinagonga gati! Nilishuka nikatumbukiza mkono majini, nikautoa umekufa ganzi. Nikaipigia taasisi. Akapokea mtaalamu anayeitwa Hilmir, mtu mpole, mpole wa kukuchosha. Nikamwambia chombo chake kiko nchi kavu. Akasema hata wao wameona kama kimeingia bara kidogo, lakini ramani za huko juu ni za zamani, mstari wa pwani hauaminiki. Nikamuuliza habari za chumvi. Akachangamka. Chumvi imeshuka hadi sifuri, ni barafu inayeyuka, wanaandaa makala. Isitoshe, chombo kina kinasa sauti, na wamesikia nyangumi wa aina wasiyoijua, wanalia kwa pamoja kila alfajiri.

"Bwana Hilmir," nikasema, "hao ni kondoo."

"Mama, chombo hakina sababu ya kudanganya."

Nikakata simu kabla sijamtukana. Nikaenda kwa Hallvarður nikamwomba jambo moja tu, aiambie taasisi kwamba Profesa yuko zizini kwake. Akanimiminia kahawa, akasema hawezi. Akikiri, ataulizwa Profesa amefikaje pale, na Steinvör atasema amehamishiwa kitu chenye alama yake. Nikaenda kwa Steinvör, aseme yeye basi. Naye hawezi. Akisema Profesa yuko kwa Hallvarður, si amekubali kwamba Hallvarður ndiye aliyempata? Nikamweleza habari za mashua yangu. Akanipa pole, akanifungia na mkate niende nao. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Jumapili ya kipaimara ghuba nzima ilikuwa kanisani, kisha ukumbini kwenye keki. Hallvarður kakaa mwisho huu wa meza, Steinvör mwisho ule, kila mmoja anamlinda mwenzake asitoke. Hakuna aliyenilinda mimi. Nilimkanyaga Eyvindur mguu, nikatangaza kwamba tumesahau krimu nyumbani, tukatoka.

Mbwa wa Hallvarður alitupokea kwa mkia. Kondoo jike mmoja alikuwa amezalia juu ya bawa la Profesa, ikabidi tumbembeleze ahame. Tukambeba Profesa, tukamwosha samadi iliyoziba kitundu chake cha kupimia, tukamfunga kwenye winchi ya Sæbjörg, na katikati ya ghuba tukamshusha mpaka chini. Tukampandisha mkia utoke majini apige simu yake. Tukamshusha tena. Mchana kutwa, chombo kinachojiendesha chenyewe, kikiendeshwa na bibi mwenye gauni la kanisani. Eyvindur aliuliza mara moja tu kama tunajua tunachokifanya. Nilimwambia ashike kamba.

Jioni, tukiwa tumemfungua Profesa na kumwacha majini, Hilmir akanipigia mwenyewe, sauti inamtetemeka kwa furaha. Chombo kimejirudisha baharini! Kimejikwamua bila msaada wa mtu yeyote! Nyuzi nne, chumvi safi, nyangumi wamehama. Nikamwambia hongera. Ghuba ikafunguliwa wiki ileile, na meli yao ilipokuja kumchukua Profesa, Hilmir akaniuliza ile mikwaruzo ya ubavuni na bawani ni ya nini. Kabla sijajibu akajijibu kwamba ni barafu.

Siku ya tatu ya uvuvi nikiwa gatini nachemsha uduvi, gari likasimama. Akashuka Hallvarður. Mlango wa pili akashuka Steinvör. Nilidhani macho yangu yana kasoro. Watu ambao hata msibani hawakai safu moja, leo wamekuja katika gari moja, wamesimama bega kwa bega mbele ya mashua yangu.

"Oddný, umeiba kitu chenye alama," akasema Steinvör.

"Alama ya nani?"

Wakatazamana. Nikaona uso wa Hallvarður unaiva.

"Yetu," akasema.

Nilingoja Steinvör alikatae neno hilo. Hakulikataa. Alikuwa anaangalia sufuria. Nikawapakulia, wakala wamesimama, maganda wakayatupa kwenye sitaha yangu, wakaomba wa kupeleka nyumbani, nikawafungia. Wakaniita mwizi midomo ikiwa imejaa, wakaondoka pamoja.

Tangu hapo ule ufuko wanaulinda wote wawili, kwa zamu, nisiusogelee. Nikiingia dukani wananipa mgongo kwa pamoja, na watu wanasema angalau amani imerudi. Waniite watakavyo. Sæbjörg bado ni nyekundu.